Umebadilisha Kampuni ya Intaneti na Simu ya Mezani Imenyamaza? Fuata Hatua Hizi

ELIMU KWA UMMA: TEKNOLOJIA NA HUDUMA

Faiba mpya iliwekwa katika kituo kimoja cha afya siku ya Jumatatu asubuhi. Bili ya mwezi ilikuwa imepungua, kasi ilikuwa imeongezeka, na kufikia saa sita mchana kompyuta zote zilikuwa zimeunganishwa. Kila mtu alifurahi. Ilipofika jioni ndipo karani wa mapokezi akatambua jambo moja: simu ya mezani haikuwa imelia tangu asubuhi.

Nambari ya simu hiyo imeandikwa kwenye vitabu vya kliniki vya akina mama. Imebandikwa kwenye milango ya maduka na iko katika simu za wahudumu wa afya wa jamii vijijini. Usiku huo mhudumu mmoja aliyekuwa na mama mwenye uchungu wa kujifungua alipiga mara tatu bila kupata jibu. Akaona heri amtume mwendesha bodaboda hadi kituoni kuuliza kama ambulensi ipo. Ilikuwepo, na mama alifika salama. Hata hivyo, nusu saa ilipotea kwa sababu ya kisanduku kidogo kilicho chini ya meza, ambacho hakuna aliyekumbuka kukiangalia wakati intaneti ilipobadilishwa.

Kisanduku hicho ndicho adapta ya simu ya intaneti. Shule, zahanati, vyama vya ushirika, maduka na hata nyumba nyingi siku hizi hukitumia badala ya laini ya zamani ya waya wa shaba. Makala haya yanaeleza jinsi kinavyofanya kazi, kwa nini hunyamaza mtu anapohamia kampuni nyingine ya intaneti, na jinsi mwenye simu anavyoweza kutafuta hitilafu hatua kwa hatua kabla ya kumlipa fundi.

ADAPTA NI NINI?

Laini ya zamani ya simu ilitoka kwenye nguzo hadi kwenye soketi ya ukutani. Sauti na umeme wa kuendesha simu vyote vilipita katika waya huo mmoja. Ndiyo maana simu za zamani ziliendelea kufanya kazi hata stima ilipopotea.

Adapta hufanya kazi kwa njia tofauti. Upande mmoja ina tundu dogo lililoandikwa "PHONE", ambapo simu ya kawaida huchomekwa. Upande wa pili ina tundu pana lililoandikwa "INTERNET", "WAN" au "LAN", ambalo huunganishwa na ruta kwa waya. Kazi yake ni kugeuza sauti iwe vifurushi vidogo vya data, kuvituma kupitia intaneti hadi kwa kampuni ya simu, na kuvigeuza vinavyorudi viwe sauti tena.

Ili simu iingie, kampuni ya simu lazima ijue adapta iko wapi. Kwa hiyo kila baada ya muda fulani, mara nyingi saa moja au chini ya hapo, adapta huituma seva ya kampuni ujumbe wa kusema: "Mimi ni nambari fulani, hii hapa nywila yangu, nipo mahali hapa." Kitendo hiki huitwa kujisajili. Usajili ukikosekana, kampuni haijui simu iipeleke wapi, na anayepiga huambiwa kwamba nambari haipatikani.

Anwani ya mahali hapo hubadilika mtu anapobadilisha kampuni ya intaneti. Hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

SWALI LA KWANZA: NAMBARI NI YA NANI?

Kabla ya kugusa waya wowote, chukua bili mbili za mwisho uzisome. Tafuta jina la kampuni iliyotoa intaneti na jina la kampuni iliyotoa nambari ya simu.

Kama ni kampuni mbili tofauti, mambo ni mepesi. Nambari haitegemei intaneti ya nani inatumika. Adapta inaweza kuhamishwa kutoka faiba ya kampuni moja hadi ya nyingine na ikaendelea kufanya kazi, mradi mipangilio yake iwe sawa. Hatua zinazofuata zinawahusu walio katika hali hii.

Kama ni kampuni moja iliyotoa vyote viwili, jihadhari. Huenda nambari ilifungwa pamoja na akaunti ya intaneti. Adapta yenyewe pia inaweza kuwa ya kampuni hiyo na imefungiwa isitumike kwingine. Katika hali hiyo, hata ukibadilisha mipangilio usiku kucha hutapata mlio. Piga simu kwa kampuni ya zamani siku hiyo hiyo uulize mambo mawili: kama nambari bado iko hai, na kama inaweza kuendelea kutumika juu ya intaneti ya kampuni nyingine. Usingoje, kwa sababu nambari iliyoachwa inaweza kurudishwa kwa kampuni na baadaye kupewa mtu mwingine.

Taasisi zenye laini nyingi zina jambo la ziada la kuuliza. Baadhi ya kampuni za simu hazitumii nywila kumtambua mteja, bali huangalia anwani ya intaneti anakotoka. Taasisi ya namna hiyo ikihamia kampuni mpya ya intaneti, anwani yake hubadilika na seva ya simu huikataa. Dawa ni moja tu: ijulishe kampuni ya simu anwani mpya.

Katika kituo cha afya kilichotajwa hapo juu, kampuni zilikuwa mbili. Kwa hiyo fundi wa kompyuta wa kaunti ndogo alipofika Jumanne asubuhi, alimwambia karani, "Dada, nambari yenu haijapotea. Kisanduku ndicho kimepotea njia."

HATUA YA 1: WAYA, STIMA NA TAA

Anza na vitu vinavyoonekana kwa macho.

Hakikisha waya wa simu umechomekwa kwenye tundu la "PHONE" la adapta. Waya wa mtandao utoke kwenye tundu la "INTERNET", "WAN" au "LAN" la adapta uingie kwenye mojawapo ya matundu ya LAN ya ruta mpya. Mafundi wanaoweka faiba mara nyingi huacha adapta ikiwa imeunganishwa na ruta ya zamani ambayo haina tena intaneti. Taa za ruta hiyo zinaweza kuwaka vizuri kabisa huku hakuna kinachopita.

Usichomeke adapta kwenye soketi ya simu ya ukutani ambayo bado imeunganishwa na laini ya shaba. Laini hiyo ina umeme wa takriban volti 48, na zaidi wakati simu inapolia. Umeme huo unaweza kuiunguza adapta.

Kisha zima vyote na uviwashe kwa mpangilio. Washa kwanza kisanduku cha faiba na usubiri dakika 2. Kama ruta ni kifaa tofauti, iwashe sasa na usubiri dakika 2 nyingine. Adapta iwashwe mwisho. Mpangilio huu ni muhimu kwa sababu adapta ikiamka kabla ya ruta, inaweza kukosa anwani na kubaki imekwama.

Tazama taa. Taa ya stima ikiwa imezimika, kagua chaja. Chaja za vifaa hivi hufanana sana, ila nyingine ni za volti 5 na nyingine za volti 12. Wakati wa kuhamisha vifaa ni rahisi kuzibadilishana kimakosa. Soma maandishi yaliyo chini ya adapta uyalinganishe na ya chaja. Taa ya intaneti ikikataa kuwaka, jaribu waya mwingine au tundu jingine la ruta.

Onyo: usidunge kitundu kilichoandikwa "RESET" kwa pini. Kufanya hivyo hufuta kila kitu, pamoja na jina la akaunti na nywila ya kampuni ya simu. Mtu asiye na taarifa hizo atakuwa ameongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

HATUA YA 2: JE, ADAPTA INA ANWANI SAHIHI?

Kila kifaa kilichounganishwa na ruta hupewa anwani ya ndani. Ruta nyingi hutumia anwani zinazoanza na 192.168, lakini tarakimu zinazofuata hutofautiana. Ruta ya zamani inaweza kuwa ilitumia 192.168.1, na mpya ikawa inatumia 192.168.100. Ni kama mitaa miwili tofauti.

Adapta nyingi huomba anwani kutoka kwa ruta zinapowashwa, na hizo hazisumbui sana. Ila baadhi ya mafundi hupenda kuandika anwani ya kudumu ndani ya adapta. Ikishaandikwa, adapta hubaki ikitafuta mtaa wa zamani hata baada ya ruta kubadilishwa.

Njia rahisi ya kujua ni kuiuliza adapta yenyewe kwa kutumia simu ya mezani. Inua mkono wa simu. Katika adapta nyingi za Grandstream, bonyeza nyota mara tatu (*), kisha 02. Katika zile za Linksys na baadhi ya Cisco za SPA, bonyeza nyota mara nne (), kisha 110#. Sauti itasoma anwani kwa Kiingereza. Iandike kwenye karatasi. Njia hii hufanya kazi hata intaneti ikiwa haipo, kwa kuwa sauti hiyo hutoka ndani ya adapta.

Sasa chukua simu ya mkononi iliyounganishwa na Wi-Fi ya ruta mpya. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la mtandao, utazame anwani ya IP ya simu. Linganisha sehemu tatu za kwanza za anwani hizo mbili.

Katika kituo cha afya, adapta ilisoma 192.168.1.50. Simu ya karani ilionyesha 192.168.100.7. Sehemu ya tatu haikulingana, na hapo chanzo cha ukimya kikajulikana.

Ukikuta hali kama hiyo, usihangaike kuandika anwani ya adapta kwenye kivinjari cha kompyuta. Ukurasa hautafunguka, maana kompyuta na adapta ziko kwenye mitaa tofauti. Rudi kwenye simu ya mezani. Kwa adapta za Grandstream, bonyeza nyota mara tatu, kisha 01, usikilize kama inasema "Static IP". Ikisema hivyo, bonyeza 9 hadi iseme "DHCP". Maana yake ni kwamba adapta sasa itaomba anwani kutoka kwa ruta. Kata simu, zima adapta, uiwashe tena. Kwa aina nyingine, tumia kijitabu chake.

Adapta ya kituo ilipowaka tena ilisoma 192.168.100.12. Ilikuwa imehamia mtaa mpya.

Ikiwa adapta inasoma 0.0.0.0, maana yake imeomba anwani na haijapewa. Rudi kwenye waya na ruta.

HATUA YA 3: JE, IMEJISAJILI?

Sasa andika anwani mpya ya adapta kwenye kivinjari cha kompyuta au simu iliyo kwenye mtandao uleule. Usitumie Wi-Fi ya wageni, kwa sababu ruta nyingi huitenga na vifaa vingine. Ingiza nywila ya adapta, kisha tafuta ukurasa wa hali, ambao kwa kawaida huitwa "Status".

Ukiona neno "Registered", adapta imejisajili. Ukiona "Not Registered" au "Failed", kuna sababu tatu za kuangalia.

Ya kwanza ni DNS. Hii ni huduma inayogeuza jina la seva kuwa nambari, kama kitabu cha orodha ya simu. Baadhi ya adapta huwa zimeandikiwa DNS ya kampuni ya zamani ya intaneti, na kampuni nyingi hujibu maswali ya wateja wao pekee. Futa anwani hiyo ili adapta itumie ile inayopewa na ruta mpya, au andika ya umma kama 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Ya pili ni jina la akaunti, nywila au jina la seva kuandikwa vibaya. Hili hutokea zaidi baada ya mtu kubonyeza "RESET". Omba kampuni ya simu ikutumie taarifa hizo upya. Usikisie nywila mara nyingi, kwani seva nyingi hufungia anwani inayokosea mara kwa mara, na baadaye hata nywila sahihi itakataliwa kwa muda.

Ya tatu ni ruta mpya kuzuia mawasiliano. Usajili wa simu kwa kawaida hupita kwenye mlango namba 5060. Kuna njia nzuri ya kulithibitisha hili: washa intaneti ya simu ya mkononi kupitia ruta ndogo ya laini ya simu, uunganishe adapta hapo kwa waya. Ikijisajili hapo na ikakataa kwenye faiba, tatizo liko kwenye ruta au kampuni mpya ya intaneti. Ikikataa kote, tatizo liko kwenye adapta au akaunti.

HATUA YA 4: SIMU INAINGIA LAKINI SAUTI NI YA UPANDE MMOJA

Adapta ya kituo ilijisajili, simu ikalia, na karani akainua mkono wa simu kwa furaha. Alimsikia mgonjwa vizuri. Mgonjwa hakumsikia. "Haloo? Haloo?" ikaendelea hadi simu ikakatwa.

Ili kuelewa kilichotokea, fikiria shule ya bweni yenye sanduku moja la posta. Wanafunzi 500 huandika barua, na zote hutoka kwa anwani ya sanduku hilo. Karani wa shule huweka daftari la nani ameandikia nani, ili majibu yakija ajue ayapeleke bweni gani. Ruta hufanya kazi hiyo hiyo: vifaa vyote vya ndani hutumia anwani moja ya nje.

Shida ni kwamba mawasiliano ya simu yana anwani mahali pawili, juu ya bahasha na ndani ya barua. Ndani ya barua adapta huandika: "Sauti nitumie hapa." Ikiandika anwani ya ndani, ya bweni, mtu wa nje hawezi kuifikia.

Watengenezaji wa ruta walijaribu kutatua jambo hili kwa kumfanya karani afungue barua na kurekebisha anwani iliyo ndani. Kipengele hicho huitwa SIP ALG. Nia ilikuwa njema. Lakini kampuni nyingi za simu tayari zina njia zao za kutambua anwani ya kweli, na karani anayesahihisha barua ambayo haihitaji kusahihishwa huiharibu. Matokeo yake ni sauti ya upande mmoja, simu zinazokatika baada ya muda mfupi, au simu zinazolia bila kufunguka zinapopokelewa.

Ruta nyingi mpya huja na kipengele hicho kikiwa kimewashwa. Ingia kwenye ruta, tafuta "SIP ALG" au neno "SIP" chini ya "ALG", "NAT" au "Security", ukizime. Kisha zima ruta na adapta, uziwashe tena kwa mpangilio ulioelezwa. Baadhi ya kampuni za intaneti hazimruhusu mteja kufikia ukurasa huo. Piga simu kwa huduma kwa wateja useme maneno haya hasa: "Naomba mzime SIP ALG kwenye ruta yangu." Mhudumu wa kwanza asipoelewa, omba kupelekwa kwa kitengo cha ufundi.

Kampuni ikikataa, bado kuna njia. Uliza kampuni ya simu kama inaruhusu kutumia mlango mwingine badala ya 5060, au usajili uliofichwa kwa TLS. Barua ikiwa imefungwa kwa kufuli, karani hawezi kuisahihisha.

Hitilafu kama hii pia huletwa na ruta mbili zilizofuatana, yaani ruta ya zamani kuachwa nyuma ya mpya ili isambaze Wi-Fi. Hapo barua hupita kwa makarani wawili. Unganisha adapta moja kwa moja na ruta mpya.

HATUA YA 5: UNAWEZA KUPIGA LAKINI HUWEZI KUPIGIWA

Hali hii ndiyo inayodanganya zaidi. Simu hufanya kazi mara tu baada ya adapta kuwashwa. Baada ya dakika kadhaa, wanaopiga hawapati. Ukipiga wewe, yote huwa sawa, na kwa muda mfupi baada ya hapo simu huingia tena.

Sababu ni daftari la karani. Ruta haiweki kumbukumbu milele. Kwa ruta nyingi, mawasiliano ya aina hii yakinyamaza kwa muda, kuanzia sekunde 30 hadi dakika chache, mstari wake hufutwa daftarini. Simu ikija baadaye, ruta haijui ni ya nani na huitupa. Ruta ya zamani huenda ilikuwa na kumbukumbu ndefu, na mpya ikawa na fupi.

Dawa ni kuifanya adapta iwe inabisha hodi. Tafuta "NAT Keep-Alive" kwenye ukurasa wake, uiwashe, na uweke sekunde 20 au 30. Kama kipengele hicho hakipo, punguza muda wa usajili kutoka sekunde 3600 hadi 300 au chini ya hapo, kama kampuni ya simu inaruhusu.

Baadhi ya kampuni za intaneti huwafanya wateja wengi watumie anwani moja ya nje. Tazama kwenye ruta anwani ya WAN. Ikianza na 100 na tarakimu zinazofuata zikiwa kati ya 64 na 127, mteja yuko katika hali hiyo. Kufungua milango kwenye ruta yake hakutasaidia, kwa sababu kuna karani mwingine kule kwenye kampuni. Kubisha hodi, hata hivyo, kwa kawaida husaidia.

HATUA YA 6: SAUTI INAKATIKAKATIKA

Wengi hudhani dawa ni kununua kifurushi cha kasi zaidi. Simu moja hutumia takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande kwa mfumo wa kawaida wa G.711, na takriban 30 kwa G.729. Hata intaneti ya megabiti 5 inatosha simu kadhaa. Kinachoharibu sauti ni ucheleweshaji na msongamano, hasa wakati mtu mwingine anapopakia faili kubwa. Mwongozo wa kimataifa ni kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji.

Jaribu kupiga wakati kompyuta zote zimezimwa. Sauti ikiwa safi, ingia kwenye ruta, tafuta "QoS", uipe adapta kipaumbele. Sauti ikiwa mbaya hata hivyo, andika saa na tarehe ya kila tukio uiwasilishe kwa kampuni ya intaneti.

DALILI KWA UFUPI

- Hakuna mlio wowote na taa zimezimika: chaja au stima.
- Mlio upo lakini kila nambari inakataa: usajili, Hatua ya 2 na ya 3.
- Ukurasa wa adapta haufunguki: mitaa tofauti, Hatua ya 2.
- Sauti upande mmoja: SIP ALG au ruta mbili, Hatua ya 4.
- Unapiga lakini hupigiwi: kumbukumbu ya ruta, Hatua ya 5.
- Sauti inakatika: msongamano, Hatua ya 6.

Baada ya kurekebisha, usifunge kazi kwa jaribio moja. Piga kutoka simu ya mkononi na mzungumze pande zote mbili kwa dakika kadhaa. Subiri nusu saa bila kugusa chochote, upigiwe tena. Rudia kesho yake asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia simu hiyo.

USALAMA

Mtu akikushauri ufungue milango yote ya ruta kwa ajili ya adapta, au uiweke kwenye "DMZ", kataa. Kuna wezi wanaozunguka kwenye intaneti wakitafuta adapta zilizo wazi ili wapige simu za gharama kubwa nje ya nchi kwa akaunti ya mwenyewe. Badilisha nywila ya kiwandani ya adapta. Usipige picha ukurasa wenye nywila ya akaunti ukaituma kwenye kikundi cha WhatsApp kuomba msaada. Iombe kampuni ya simu izuie simu za kimataifa kama huzihitaji.

Kumbuka pia kwamba stima ikipotea, adapta na ruta hunyamaza pamoja. Taasisi zinazopokea simu za dharura ziwe na betri ya akiba ya kuendesha kisanduku cha faiba, ruta na adapta, pamoja na nambari ya simu ya mkononi iliyotangazwa kwa umma. Kwa dharura, wakaazi watumie 999 au 112 kutoka simu yoyote inayofanya kazi.

KABLA YA KUBADILISHA KAMPUNI

Tatizo lililozuiwa ni nafuu kuliko lililotibiwa. Kabla ya kutia sahihi mkataba mpya:

1. Uliza nambari ya simu ni ya nani na kama itabaki hai.
2. Omba jina la seva, jina la akaunti na nywila kwa maandishi, uzihifadhi.
3. Piga picha kila ukurasa wa mipangilio ya adapta kwa matumizi yako mwenyewe.
4. Hakikisha adapta inaomba anwani kutoka kwa ruta, si ya kudumu.
5. Uliza kampuni mpya kama SIP ALG inaweza kuzimwa.
6. Usikate intaneti ya zamani hadi simu ijaribiwe kwenye mpya. Wiki moja ya kulipia zote mbili ni bei ndogo.
7. Mwambie fundi wa faiba mapema kwamba kuna adapta, naye asiondoke kabla simu haijalia.

Mteja asiporidhika, awasilishe malalamiko kwanza kwa kampuni inayohusika na ahifadhi nambari ya malalamiko. Yasiposhughulikiwa, ana haki ya kuyapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Katika kituo cha afya, kipengele cha SIP ALG kilizimwa Jumatano kwa simu moja kwa kampuni ya intaneti. Alasiri hiyo simu ililia. Aliyepiga alikuwa yule mhudumu wa afya wa kijijini, akitaka kujua mama na mtoto wanaendeleaje. Safari hii alisikia jibu: wote wawili walikuwa wazima na wangeruhusiwa kwenda nyumbani kesho yake. Karani alipokata simu, alichukua kalamu na karatasi, akaandika "USIZIME, USICHOMOE", akabandika juu ya kile kisanduku kilicho chini ya meza.